Modeli ya A6M2-N ya 1/48 hatua kwa hatua: anza na boya

Ukisoma habari za Vita vya Pili vya Dunia kwenye pwani yetu, ndege ya maboya (inayotua majini) ya Kijapani utakayokutana nayo kwanza ni Yokosuka E14Y, ile ndogo iliyosafirishwa vipande vipande ndani ya nyambizi. Mei 1942 ndege ya nyambizi I-30 ilipeleleza Zanzibar na Dar es Salaam. Mwisho wa mwezi huohuo ile ya I-10 ikaruka juu ya Diego Suarez, Madagaska, kabla nyambizi ndogo hazijajipenyeza bandarini na kuijeruhi manowari ya Uingereza, Ramillies. Inavutia, najua. Ila kama hujawahi kujenga modeli ya plastiki ya ndege yenye maboya, usianze nayo. Maboya yake mawili yananing'inia kwenye vijiti vyembamba na nyaya zinazopishana, na kwa kipimo cha 1/72, yaani modeli ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, mabawa yote mawili, ncha hadi ncha, ni sentimita 15 tu. Kijiti kimoja kikienda upande, ndege nzima inaonekana imelewa.

Anza na Nakajima A6M2-N, ambayo Wamarekani waliiita Rufe. Ni Zero, ndege ya kivita ya Kijapani, iliyoondolewa magurudumu, mashimo yake yakazibwa, likafungwa boya kubwa chini ya tumbo na madogo mawili chini ya mabawa. Ukiitazama kwa mbele ni ngalawa tupu. Zilitengenezwa 327 tu, zikatumika sana Visiwa vya Solomon na Kiska, kwenye visiwa vya Aleutian.

Hatua ya 1: Chagua seti, kisha chagua ndege

Kwa 1/48 zipo seti za Tamiya, Hasegawa na Eduard. Ya Tamiya ni ya zamani na ni rahisi, ila chumba cha rubani kina vitu vichache. Ya Eduard ndiyo mpya na ina vipande vidogo vingi. Kama mikono bado haijazoea kibanio, itakuchosha. Mimi ningemshauri anayeanza achukue Tamiya au Hasegawa, na pesa inayobaki anunulie rangi nzuri.

Kabla hujafungua gundi, tafuta picha ya ndege moja halisi na uamue kuwa unajenga hiyo. Kijivu kitupu cha mwaka 1942, au kijani juu na kijivu chini ya baadaye? Jibu ndilo litakaloamua rangi ya propela, mstari wa njano kwenye makali ya mabawa na kiasi cha uchakavu. Mtu asiyeamua mapema huishia kuchanganya miaka miwili kwenye bawa moja.

Hatua ya 2: Boya kubwa kwanza

Karatasi ya maelekezo huweka boya mwishoni. Usiifuate. Boya ni nusu mbili zinazokutana juu kabisa, katikati, mahali ambapo jicho la kila mtu hutua. Mshono huo unahitaji muda wa kukauka, basi uunge leo, halafu uendelee na mengine.

Kabla ya kufunga, weka uzito ndani ya sehemu ya mbele: risasi za kuvulia samaki zilizobanwa na gundi ya epoksi, ili modeli isikalie mkia ikiwa juu ya toroli, kile kigari cha kuisimamishia nchi kavu. Zikaze barabara, maana risasi ikilegea baadaye utaisikia ikigongagonga kila ukiinua ndege, na hakuna pa kuingilia tena.

Pakaza gundi ya majimaji kwenye mshono, ngoja sekunde chache, kisha bana mpaka plastiki iliyoyeyuka ichomoze kama uzi mwembamba pande zote. Uzi huo usiuguse. Ndio puti yako. Acha ukauke siku mbili, kwangua kwa ukingo wa wembe, halafu piga msasa wa 400, 800 na 1500 ukiwa na maji. Kisha puliza rangi ya fedha juu ya mshono. Kijivu huficha makosa, ila fedha huyatangaza yote: mkwaruzo, kishimo, mahali mstari wa maungio ya bati umefutika. Rekebisha, puliza tena. Fanya hivyohivyo kwa maboya madogo.

Hatua ya 3: Chumba cha rubani na mwili

Hapa ni kama Zero yoyote. Ndani ya ndege za Nakajima kulikuwa na kijani chenye unjano; paka, pitisha wino mwembamba wa kahawia kwenye kona, kisha brashi kavu yenye rangi ya kijani kilichopauka kwenye kingo. Mikanda ya kiti ndiyo pekee itakayoonekana vizuri kioo kikifungwa, kwa hiyo itengeneze vizuri hata kwa vipande vya tepu ya karatasi. Vingine visikule wikiendi nzima.

Kaza mabawa ukihakikisha ncha zote mbili zimeinuka sawa. Pengo kati ya bawa na mwili ulizibe kwa kupanua mwili kidogo kwa kijiti ndani, siyo kwa kumwaga puti.

Hatua ya 4: Jaribu bila gundi

Hatua hii ndiyo inayotenganisha ndege ya maboya na ndege nyingine yoyote. Ndege ya magurudumu ikipinda kidogo, unasaga tairi moja na mambo yanaisha. Ya maboya haina pa kujificha, kwa sababu boya ni refu karibu kama mwili wenyewe, na pembe ndogo kwenye nguzo inayoliunga na mwili inakuwa milimita kadhaa mbele.

Chukua karatasi ya mraba, chora mstari wa katikati na mwingine unaoukata. Tengeneza kishikizo cha kadibodi au spanji ngumu chenye mfereji wa kulala boya kubwa. Simamisha ndege humo na boya likiwa limeshikwa kwa tepu tu, kisha angalia mambo kwa mpangilio huu. Kwa mbele: pezi la mkia liwe wima, na liwe mstari mmoja na mgongo wa boya. Pima toka mezani hadi ncha ya kila bawa, vipimo vilingane. Kwa juu: pua ya boya ifuate pua ya ndege, isielekee kushoto wala kulia. Mwisho maboya madogo: yawe sambamba na kubwa, na urefu wake toka mezani uwe sawa. Kumbuka hayo madogo yako juu kuliko kubwa, hayagusi meza. Wengine huyalazimisha yaguse ili ndege isimame yenyewe, na Rufe inageuka kitu kingine.

Kama nguzo haikai, kwangua tundu lake, siyo nguzo. Ukishapata mkao, weka alama za penseli ubavuni mwa nguzo na tumboni.

Hatua ya 5: Rangi, vipande vikiwa mbalimbali

Usigundishe boya bado. Likishafungwa, tumbo la ndege na mgongo wa boya havifikiki kwa spreya wala brashi. Toboa tundu dogo pasipoonekana, chomeka kijiti cha mishikaki, na kila kipande kiwe na mpini wake.

Tulio pwani tuangalie hewa. Rangi yenye tina kali ikipulizwa siku ya unyevunyevu hupiga ukungu mweupe. Puliza kukiwa kukavu, au tumia rangi ya akriliki ya maji.

Osha plastiki kwa sabuni, kausha, piga praima. Kisha kijivu cha chini, kikavuke kidogo mpaka sehemu ya juu. Kama ndege yako ni ya kijani, kijani kifuate kwa matabaka membamba, katikati ya kila bati ukiongeza tone la kijivu au njano kwenye kijani, maana jua la Solomon halikuacha rangi ikawa moja. Kifuniko cha injini ni cheusi chenye ubluu kwa mbali. Weusi mtupu hukifanya kionekane plastiki.

Duara nyekundu za Japani usizibandike kwa stika kama unaweza kuzipaka. Kata barakoa (tepu ya kuzuia rangi isivuke) kwa bikari yenye wembe, puliza nyeupe nyembamba, kisha nyekundu iliyokolea kidogo kuelekea damu. Rangi iliyopulizwa huchakaa pamoja na kijani, ilhali stika hukaa juu yake kama kiraka. Stika za maji zibaki kwa namba za mkia na maandishi madogo. Zikigoma kulala, siki iliyochanganywa na maji husaidia.

Msisahau mstari mwekundu wa hadhari kwenye boya, usawa wa propela.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Kwangua rangi mahali pa gundi. Tumia epoksi ya dakika 30, siyo supaglu, kwa sababu unahitaji muda wa kusogeza. Rudisha kila kitu kwenye kishikizo, fuata alama za penseli, pima tena kama hatua ya 4, kisha ondoka mezani. Maboya madogo yafuate kesho yake.

Hatua ya 7: Chumvi na msuguano

Ndege hii haikukanyaga vumbi la uwanja, kwa hiyo tope la kahawia ubavuni halina maana. Kilichoila ni maji ya bahari, jua na miguu ya mafundi. Chubua rangi kwa kipande cha spanji chenye fedha kidogo kwenye mgongo wa boya walipokanyaga, kwenye shina la bawa na pua ya boya palipogongwa na kamba. Chubuko liwe dogo kuliko unavyotamani.

Chumvi ya baharini huacha michirizi myeupe. Chukua rangi ya mafuta nyeupe iliyochafuliwa na kijivu, weka vidoti vidogo sana chini ya mstari wa maji, uvute kwa brashi yenye tina ya mafuta ya taa: ubavuni mwa boya vuta kwenda chini, nyuma ya ile ngazi (kidato) ya tumbo la boya vuta kwenda mkiani. Rudi nyuma hatua moja utazame. Kama michirizi inaonekana toka mlangoni, futa nusu. Funika na vanishi isiyong'aa, lakini boya liachie mng'ao kidogo.

Hatua ya 8: Umaliziaji

Propela za mwanzo zilikuwa za bati tupu kwa mbele na mistari myekundu nchani. Za baadaye kahawia na mstari wa njano. Fuata mwaka wa ndege yako. Waya wa antena utengeneze kwa fremu ya plastiki inayoshika vipande vya seti, iliyopashwa juu ya mshumaa na kuvutwa, toka mlingoti hadi kwenye pezi, gundi tone moja kila upande.

Toroli usiigundishe kwenye boya. Iache ndege iinuke, maana siku ukitaka kuiweka juu ya maji bandia ya silikoni utahitaji boya lililo wazi.