Jinsi ya kufuata njia ya reli iliyoachwa msituni

Wengi huingia msituni kutafuta vyuma, na wakivikosa husema reli imepotea. Lakini vyuma ndivyo hung'olewa kwanza, vikauzwa kama chuma chakavu. Kinachobaki ni ardhi iliyosawazishwa, na hiyo ndiyo ya kujifunza kuisoma.

1. Anza na ramani. Linganisha ramani ya zamani na picha za setilaiti. Njia ya reli ni mstari mrefu unaopinda polepole. Barabara hukata kona kali, treni haiwezi. Tia alama kila mahali mstari unapovuka mto. Huko masalia hudumu, maana kuta za mawe za daraja hazina mnunuzi.

2. Omba ruhusa. Treni zikikoma, ardhi bado ina mwenyewe. Na ukikuta reli inang'aa juu, hiyo inatumika. Ondoka.

3. Fuata kimo. Nenda na mwenzako, msimu ambao majani yamepungua. Reli za kawaida ni nadra kupanda zaidi ya mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Kwa hiyo ardhi ikishuka, tarajia tuta. Ikipanda, tarajia kilima kilichokatwa katikati. Njia ikikupotea usizunguke ovyo: rudi pale ulipokuwa na uhakika, shika uelekeo uleule na kimo kilekile, kisha songa mbele. Fukua kidogo kwa kisigino. Kokoto zenye ncha, zinazokaribiana ukubwa, hazikuletwa na msitu. Majivu meusi yenye vipande vya makaa ni dalili ya injini za mvuke.

4. Soma mataruma na vyuma. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Taruma la mbao, yaani gogo linalolazwa chini ya reli, huwa na alama mbili zilizobonyea, pale reli zilipokalia. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, kisha toa sentimita 6 au 7, ambazo ni upana wa kichwa cha reli. Hiyo ndiyo nafasi kati ya reli mbili. Ukipata karibu milimita 1,435, hicho ndicho kipimo kinachotumika zaidi duniani. 1,067 na 1,000 ni njia nyembamba zilizoenea Afrika. Ukibahatika kukuta kipande cha reli, piga brashi ubavuni na umulike tochi kwa upande: mara nyingi herufi za kiwanda na mwaka wa kutengenezwa zitajitokeza.

5. Usijaribu bahati. Daraja la mbao huozea ndani, juu likionekana zima, pita bondeni. Usiingie handakini hata kidogo: dari huporomoka na hewa huweza kuwa mbaya. Karibu na stesheni chunguza kila unapokanyaga, kwani injini za mvuke zilihitaji maji na huenda kuna kisima kilichofunikwa na nyasi. Mataruma yaliyopakwa kreosoti, dawa nyeusi ya kuzuia mbao kuoza, usiyashike mikono mitupu, wala usiyachome. Moshi wake ni sumu.

6. Andika ulichokiona. Piga picha ukiweka rula kando ya kitu, andika mahali kilipo, kisha kiache hapohapo. Msumari uliong'olewa hauwezi tena kumwonyesha mwingine reli ilipita wapi.