Ajali Mahali Barabara Inapojengwa: Jinsi ya Kumjua Anayewajibika Kisheria

Somo hili namwandikia mtu ambaye gari lake limetumbukia usiku katika mtaro uliochimbwa mchana na kuachwa bila taa, au aliyegongana uso kwa uso na mwenzake pale njia mbili zilipobanwa zikawa moja bila mtu wa kuongoza magari. Karibu kila mara mtu huyo huambiwa kwamba alikuwa anaendesha mbio, na wengi hukata tamaa papo hapo. Hata kama kweli alikuwa na mwendo mkubwa, jambo hilo halifungi mjadala, kwa sababu sheria inauliza pia ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya kipande kile cha barabara saa ile, na alifanya nini ili mpita njia aione hatari mapema.

Ninayoyaeleza ni kanuni za jumla, hasa katika nchi ambazo sheria zake zina asili ya Uingereza. Vifungu hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo wakili wa mahali ulipo ndiye atakayekuambia muda na utaratibu kamili.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi kabla barabara haijabadilika

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko penginepo, kwa kuwa madai mengi ya aina hii huanguka hapa. Ajali ikitokea kwenye barabara ya kawaida, shimo au kona utaikuta mahali pake hata baada ya mwezi. Panapojengwa, greda hupita asubuhi, kifusi huondolewa, mtaro hufukiwa, na alama ambazo jana hazikuwepo leo zimesimama zikiwa safi. Anayekuja kupiga picha baada ya siku tatu anapiga picha ya barabara nyingine.

Usianze na picha ya gari lililoharibika. Rudi nyuma mita mia mbili au zaidi, upande uliotokea, kisha piga picha ukisogea mbele hatua kwa hatua, ili anayeziangalia aone kile ambacho dereva alikiona au hakukiona. Onyesha alama ya kwanza ya tahadhari ilipo, kama inatazama magari au imegeuka, na kama imefunikwa na vumbi au matawi. Onyesha pia kama mistari ya zamani ya lami bado inawaelekeza watu kwenye njia iliyofungwa. Ajali ikiwa ya usiku, mtu wako arudi usiku unaofuata, saa ileile, kwa sababu picha ya mchana haiwezi kuthibitisha giza.

Pima umbali kutoka alama hadi kwenye hatari, kwani kipimo hicho kina uzito mkubwa mahakamani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki atakuwa amesonga mita 33 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo, na kwenye lami kavu atahitaji mita nyingine kama 35 ili asimame. Kwenye kokoto zisizoshindiliwa umbali huo huongezeka. Kwa hiyo, mahali ambapo mwendo huo umeruhusiwa, alama iliyowekwa mita 30 kabla ya shimo haijamwonya mtu yeyote: inamwambia dereva habari ambayo hawezi tena kuitumia.

Nakili maneno yote yaliyo kwenye bango la mradi, yaani mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi mshauri, pamoja na namba za mitambo iliyoegeshwa. Chukua majina na simu za mashahidi, hasa wanaoishi au kufanya kazi karibu, maana hao wanajua taa zilikuwa zimezimika kwa siku ngapi na nani mwingine alianguka hapo kabla yako. Hakikisha polisi wamechora mchoro wa eneo wenye vipimo. Kisha mwandikie mkandarasi na mamlaka ya barabara barua ya kuwataka wahifadhi daftari la kazi za kila siku, mpango wa kuongoza magari, na kumbukumbu za ukaguzi wa alama. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya pili: tambua nani alikuwa na mamlaka juu ya kipande kile

Wanaoweza kuwajibika ni wengi kuliko wanavyodhaniwa: mkandarasi mkuu, mkandarasi mdogo aliyechimba mtaro, kampuni ya maji au ya umeme iliyokuwa inapitisha mabomba na nyaya, mhandisi aliyeidhinisha njia ya mchepuko yenye kona isiyofaa, mamlaka inayomiliki barabara, dereva wa lori lililomwaga kokoto, na dereva mwingine wa kawaida. Kwa kawaida mkandarasi ndiye wa kwanza kutazamwa. Masharti ya mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999, ambayo hutumika katika miradi mingi mikubwa, yanamtaka aweke uzio, taa na ulinzi hadi kazi itakapokamilika na kukabidhiwa.

Mamlaka ya barabara hupenda kujibu kwamba kazi ilikabidhiwa kwa mkandarasi huru, hivyo aulizwe yeye. Jibu hilo lilikataliwa zamani. Katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1899, Penny dhidi ya Wimbledon Urban District Council (baraza la mji), mkandarasi aliyekuwa anatengeneza barabara kwa niaba ya baraza aliacha lundo la udongo njiani bila taa, na mtu akaanguka juu yake gizani. Baraza lilipatikana na wajibu, kwa sababu anayeagiza kazi ambayo kwa asili yake italeta hatari katika njia ya umma hawezi kuuhamisha wajibu wa kuwakinga wapita njia kwa kumlipa mtu mwingine. Mkataba wao unaweza kuamua nani atamrudishia nani pesa. Wewe hukuutia saini na haukufungi.

Ufaransa wamefika mbali zaidi. Mtumiaji wa barabara anayeishtaki mamlaka huthibitisha tu madhara yake na kwamba yalisababishwa na hali ya barabara. Ni mamlaka inayopaswa kuthibitisha kwamba iliitunza ipasavyo. Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu wa haki, kwani kumbukumbu zote za matunzo zimo mikononi mwa mamlaka na si mwa majeruhi.

Hatua ya tatu: thibitisha uzembe na uhusiano wake na madhara

Lazima uonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwako, kwamba aliuvunja, kwamba uvunjaji huo ndio uliosababisha ajali, na kwamba umepata hasara inayothibitika. Katika shauri la madai kipimo ni mizani ya uwezekano, yaani dai lako lielekee kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, si kuondoa kila shaka kama katika jinai.

Wengi hukwama kwenye jambo la tatu. Ukosefu wa alama ni kosa, lakini dereva aliyekuwa amesinzia asingeiona hata kama ingekuwepo, na mdaiwa atalisema hilo kwa nguvu zote. Eleza basi kwa undani: ungeiona alama hiyo ukiwa wapi, na ungefanya nini.

Mdaiwa naye hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mtu mwenye macho mazuri angeiona hatari. Mwaka 1964, katika kesi ya Haley dhidi ya London Electricity Board (shirika la umeme la London), mtu asiyeona alijikwaa kwenye nyundo yenye mpini mrefu iliyolazwa kama kizuizi mbele ya mtaro, akapoteza pia uwezo wa kusikia. Mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, House of Lords, iliamua kwamba anayechimba njia ya umma anapaswa kuwafikiria na wasioona, kwa kuwa inatarajiwa kwamba nao watapita.

Hatua ya nne: kubali sehemu yako ya kosa, ila isikuzidi

Zamani Uingereza ilimnyima fidia yote mtu aliyechangia ajali hata kidogo. Sheria ya mwaka 1945 ikaruhusu kosa ligawanywe. Hasara ikiwa 100 na sehemu yako ya kosa ikiwa 30, utalipwa 70. Mkanda wa kiti nao huhesabiwa: katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher ya mwaka 1975, mahakama ilielekeza punguzo la asilimia 25 pale ambapo mkanda ungezuia jeraha kabisa, na asilimia 15 pale ambapo ungelipunguza tu. Mgawanyo huu haupo kila mahali. Majimbo machache ya Marekani, yakiwemo Alabama na Maryland, bado yanafuata kanuni ile ya zamani.

Hatua ya tano: notisi, muda na bima

Serikali na mamlaka zake, katika nchi nyingi, haziwezi kushtakiwa kabla ya kupewa notisi ya maandishi, na muda wa kufungua shauri dhidi yao huwa mfupi kuliko dhidi ya mtu binafsi. Uliza wiki hiyohiyo. Toa taarifa kwa bima yako hata kama unaamini huna kosa, kisha uliza bima ya mkandarasi dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya kampuni gani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mahali nilipopata ajali palikuwa na bango lisemalo kwamba mkandarasi hatawajibika kwa ajali yoyote. Je, nimepoteza haki yangu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mtu hajivui wajibu wa kisheria kwa kuandika ubao. Uingereza, kwa mfano, sheria inabatilisha tangazo la mfanyabiashara linalojiondolea wajibu wa kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. Bango hilo linaweza tu kutazamwa kama onyo, nalo lipimwe kama onyo: je, lilisema hatari ni ipi, iko wapi, na jinsi ya kuiepuka?

Swali: Mkandarasi anadai koni na taa ziliwekwa, ila ziliibwa usiku. Nifanye nini?

Jibu: Omba kumbukumbu za ukaguzi. Wizi wa vifaa vya barabarani unatarajiwa, hivyo suala ni kama aliweka mlinzi au mkaguzi, na baada ya muda gani angegundua. Vilivyoibwa nusu saa kabla ya ajali vinaweza kumpa utetezi. Vilivyokosekana usiku wa tatu mfululizo vinamhukumu.

Swali: Mimi nilikuwa abiria, na dereva wetu alikuwa na mwendo mkali. Nimdai nani?

Jibu: Wadai wote wawili, dereva na anayehusika na ujenzi. Kosa la dereva kwa kawaida halihesabiwi kuwa lako, na mahali penye kanuni ya wajibu wa pamoja unaweza kulipwa fidia yote na mmoja wao, kisha wao wagawane wenyewe.

Swali: Mwalimu, mwakilishi wa mkandarasi amekuja hospitalini na hundi pamoja na karatasi ya kusaini. Mume wangu bado ana vyuma mguuni.

Jibu: Pole sana, dada. Asisaini kwanza. Karatasi hizo huwa na kifungu cha kuyamaliza madai yote, ya sasa na ya baadaye, na hakuna ajuaye gharama za mguu huo kabla daktari hajaandika kama atahitaji upasuaji mwingine na kama atarudi kazini. Wakitaka kusaidia matibabu sasa, wakili awaandikie kwamba fedha hizo zitapokelewa kama malipo ya awali, na zitakatwa katika fidia ya mwisho.