Kuchimba asteroidi katika EVE Online, peke yako na kwa kikundi

Mchimbaji anayeanza EVE Online, mchezo wa anga unaochezwa mtandaoni, huuliza swali moja: ni jiwe gani lina bei kubwa? Akishaambiwa Kernite ni ghali kuliko Veldspar, anaifuata popote ilipo. Hapo ndipo hasara inapoanza. Leza haichimbi jiwe mojamoja, inachimba mita za ujazo, na ghala la chombo nalo linajaa kwa mita za ujazo. Bei ya kipande kimoja haina maana mpaka uigawanye kwa ujazo wake.

Kipande kimoja cha Veldspar kina ujazo wa m³ 0.1, Scordite 0.15, Pyroxeres 0.3, Plagioclase 0.35, Omber 0.6 na Kernite 1.2. Mawe mazito ya mifumo ya nyota yenye hatari, kama Arkonor na Bistot ni m³ 16 kila kipande. Tuseme Veldspar inauzwa ISK 20 (ISK ni fedha ya mchezo) kwa kipande na Kernite ISK 180. Gawanya 20 kwa 0.1, unapata ISK 200 kwa kila m³. Gawanya 180 kwa 1.2, unapata ISK 150. Kwa bei hizo za mfano, jiwe "rahisi" limelishinda jiwe "ghali" kwa theluthi nzima. Bei hubadilika kila siku, kwa hiyo fungua soko kabla ya kutoka kituoni, tazama bei za wanunuzi (siyo tu za wauzaji wanaosubiri), na ufanye hesabu hiyo upya. Inachukua dakika mbili.

Chombo cha kwanza na namna ya kukitumia

Anza na Venture, chombo kidogo cha kuchimba. Hata asiyelipia akaunti anaweza kuirusha, bei yake ni ndogo, ghala lake la mawe lina m³ 5,000, na inabeba leza mbili za kuchimba. Tena ina nguvu ya ziada ya kujinasua: anayetaka kuizuia isipige wapu (isiruke mbali kwa kasi kuu) lazima awe na zaidi ya pointi mbili za kuzuia, kumbe moduli moja ya kawaida ya kunasa haina kiasi hicho. Ndiyo maana hata wachimbaji wa muda mrefu huirudia wanapoingia sehemu mbaya.

Utaratibu wa zamu moja ya peke yako ni huu:

1. Hakikisha swichi ya usalama ni ya kijani, ili usije ukafanya kosa la jinai kwa kubonyeza vibaya.
2. Toka kituoni, nenda ukanda wa asteroidi ulio katika mfumo huohuo wa kituo. Ukanda hujazwa upya baada ya seva kuzimwa kwa matengenezo ya kila siku saa 11:00 UTC, hivyo saa zinazofuata hapo ndipo mawe huwa mengi.
3. Usikae pale unapotua. Mtu yeyote anayechagua ukanda huo kwenye menyu atatua karibu na hapohapo. Songa kando, hadi ncha ya mbali ya ukanda, kisha hifadhi alama ya mahali pale ili safari inayofuata utue moja kwa moja.
4. Funga shabaha kwenye asteroidi mbili tofauti, moja kwa kila leza. Leza ndogo za kawaida hufika km 10, zile kubwa za majahazi ya uchimbaji km 15.
5. Achia droni za mapigano mapema, kabla maharamia wa kompyuta hawajatokea. Venture inaongoza droni nyepesi mbili, nazo zinatosha katika mifumo salama.
6. Ghala likikaribia kujaa, elekeza pua ya chombo kituoni leza zikimalizia mzunguko, kisha piga wapu na utie nanga.

Hatua ya nne inahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo mazao mengi hupotea bila mtu kujua. Leza hutoa mawe mwisho wa mzunguko. Ikiwa mzunguko mmoja unatoa m³ 600 na asteroidi imebakiza m³ 150, leza itazunguka hadi mwisho na kukuletea hizo 150 tu. Robo tatu ya muda wako imekwenda bure. Ukielekeza leza mbili kwenye asteroidi hiyohiyo ni vibaya zaidi, kwa sababu ya kwanza ikiimaliza, ya pili inazimika mikono mitupu. Dawa yake ni kupima. Tumia skana ya miamba uone vipande vilivyobaki, vigeuze kuwa mita za ujazo (vipande 1,500 vya Veldspar ni m³ 150), kisha izime leza kwa mkono pale mzunguko unapofika robo. Ukizima mapema unapewa mawe kulingana na muda uliotumika, hupotezi kitu. Halafu hamia asteroidi nyingine mara moja. Wengi hawajui kwamba kuzima mapema kunalipa, wanasubiri mzunguko uishe kwa kuogopa kupoteza.

Kwa nini leza kali si jibu la kila kitu

Baada ya Venture yanakuja majahazi matatu. Procurer ni gumu kuvunjika, Retriever lina ghala kubwa, Covetor lina kasi kubwa ya kuchimba. Juu yao kuna ndugu zao wakubwa wenye tabia zilezile: Skiff, Mackinaw na Hulk. Anayeanza hukimbilia Covetor kwa sababu namba ya uchimbaji ni kubwa. Fanya hesabu kwanza.

Chukua ghala la m³ 5,000 na safari ya kituoni ya dakika 4 kwenda na kurudi. Ukichimba m³ 150 kwa dakika, ghala linajaa kwa dakika 33 hivi. Ukijumlisha safari, wastani wako halisi ni m³ 134 kwa dakika. Umepoteza kidogo tu. Sasa pandisha kasi hadi m³ 500 kwa dakika bila kuongeza ghala: linajaa kwa dakika 10, unasafiri 4, na wastani halisi unashuka hadi m³ 357. Zaidi ya robo ya nguvu uliyoilipia inaishia njiani. Kadiri leza inavyokuwa kali, ndivyo ghala dogo linavyokuumiza. Kwa hiyo anayechimba peke yake achague Retriever kama mfumo ni tulivu, Procurer kama una wavamizi. Covetor na Hulk ni vyombo vya kikundi, pale ambapo mtu mwingine anabeba mawe.

Leza za daraja la pili huacha masalia: sehemu ya asteroidi huharibika bila kuingia ghalani. Masalia hayapunguzi unachopata kwenye mzunguko, yanaifanya asteroidi iishe haraka. Peke yako katika ukanda mkubwa huna haja ya kujali. Katika uwanja wa kikundi wenye mawe ya thamani na yenye kikomo, masalia ni mali ya wenzako, na hapo kristali (zinazowekwa ndani ya leza) za aina A, zenye uwiano wa wastani, zinafaa kuliko aina B zinazoongeza kasi na kuharibu zaidi. Kila kristali hulenga kundi lake la mawe. Ukiweka isiyolingana na jiwe, faida yake hupati.

Wavamizi katika mifumo "salama"

Mfumo wenye usalama wa 0.5 hadi 1.0 hauzuii mtu kukupiga. Polisi wa CONCORD wanakuja kuadhibu, na chombo cha mvamizi kitavunjwa hakika, lakini wanachukua muda: sekunde 6 hivi katika 1.0, karibu 20 katika 0.5. Wavamizi wanalijua hilo, nao huja na manowari za bei ndogo kama Catalyst zenye mizinga mikali, wakiwa wameshapiga hesabu kama chombo chako kitavunjika ndani ya sekunde hizo na kama vitu vitakavyobaki vinalipa gharama ya vyombo vyao.

Basi vuruga hesabu yao. Weka moduli ya Damage Control, inayopunguza madhara ya mapigo, kwenye nafasi moja ya chini hata kama inakunyima Mining Laser Upgrade moja, inayoongeza uchimbaji. Jaza nafasi za kati kwa ngao, na usifunge moduli za bei kubwa kwenye jahazi la bei ndogo. Chimba katika 0.8 au 0.9 badala ya 0.5 kama mawe ni yaleyale.

Tena tazama orodha ya waliomo mfumoni. Wakiingia ghafla watu kadhaa wa shirika moja wenye alama nyekundu za usalama duni, ondoka kwanza, uliza baadaye. Skana ya mwelekeo inafika AU 14.3 (AU moja ni umbali wa Dunia hadi Jua), ukiona Catalyst tatu juu yake, usingoje kuziona kwa macho. Ili kuondoka papo hapo, chombo lazima kiwe kimeelekea unakokwenda na kina angalau asilimia 75 ya kasi yake ya juu. Anayechimba akiwa amesimama tuli anahitaji sekunde nyingi kugeuka, na jahazi hugeuka polepole. Katika mashimo ya minyoo, yaani mifumo iliyofichika isiyo na malango, orodha haionyeshi mtu mpaka aandike ujumbe, kwa hiyo huko skana ndiyo macho yako pekee, uibonyeze kila baada ya sekunde chache.

Kikundi

Kikundi kizuri huanza na watu wanne: wachimbaji wawili, mbebaji, na nyapara. Nyapara huendesha Porpoise au Orca, vyombo vya kuongozea uchimbaji, na kutuma mawimbi ya kuimarisha leza za wote walio ndani ya masafa yake. Mawimbi ni ya aina tatu: moja huongeza masafa ya leza, moja hufupisha mzunguko, moja hupunguza uchakavu wa kristali. Yenye faida kubwa ni ya kufupisha mzunguko; ya masafa inafuata, kwa kuwa mchimbaji asiyelazimika kusogea hapotezi muda. Mchimbaji aliye nje ya masafa hapati kitu, na kosa hili hutokea sana uwanja ukiwa mpana: nyapara anakaa pembeni kwa usalama, nusu ya msafara haimfikii. Akae katikati.

Kuhifadhi mawe kuna njia mbili. Ya zamani ni kumwaga kontena angani: linabeba m³ 27,500, unaweza kumwaga moja kila baada ya dakika 3, na linadumu saa 2 hivi kabla ya kutoweka na vilivyomo. Mwizi akichukua anageuka mshukiwa kwa dakika 15, na unaruhusiwa kumpiga. Usimpige kwa jahazi la kuchimba. Mara nyingi hicho ndicho anachotaka, na rafiki yake mwenye chombo cha vita yuko karibu. Njia bora ni wachimbaji kuweka mawe kwenye ghala la msafara la Orca, lenye m³ 40,000, na nyapara ayahamishie ghala lake la mawe.

Kubwa zaidi ni kugandamiza. Nyapara akiwasha kiini cha viwanda kinachotumia maji mazito, wachimbaji walio karibu wanagandamiza mawe wakiwa ndani ya vyombo vyao, na ujazo unashuka mara mia: m³ 40,000 zinakuwa 400. Mbebaji aliyekuwa akifanya safari kumi anabaki na moja. Tahadhari ni kwamba kiini kikiwaka, chombo cha nyapara hakiwezi kusogea wala kupiga wapu hadi mzunguko uishe. Weka mtu wa kutazama lango la jirani kabla ya kukiwasha.

Mahali kikundi hulipa kuliko pote ni mwezini. Kituo cha Athanor au Tatara huvuta kipande cha mwezi kwa siku 6 hadi 56, kulingana na mpangilio wa mwenyewe. Kipande kikifika, kinapasuliwa kwa amri, au kinapasuka chenyewe baada ya saa 3, na uwanja wake hudumu siku mbili hivi. Pangeni saa ya kupasua iangukie muda ambao watu wengi wako macho, kwa sababu kisichochimbwa hupotea.

Ugavi wa mapato usiachwe hadi mwisho. Kubalianeni kabla ya leza ya kwanza kuwaka. Mfano wa kikundi chenye wachimbaji watatu: mzigo wote una thamani ya ISK milioni 40. Asilimia 15, yaani milioni 6, inatengwa kwa nyapara na mbebaji. Milioni 34 zinagawiwa kwa kadiri ya thamani ya kila mtu alichochimba, kama daftari la uchimbaji linavyoonyesha. Aliyechimba asilimia 45 ya thamani anapata milioni 15.3, wa asilimia 30 milioni 10.2, wa asilimia 25 milioni 8.5. Pima kwa thamani na siyo kwa mita za ujazo, la sivyo kila mtu atayakimbilia mawe makubwa rahisi na ya thamani yatabaki uwanjani.

Mtu mmoja kuendesha akaunti kadhaa anaruhusiwa akizilipia. Programu inayochimba yenyewe, au inayorudufu kubonyeza kwako kwenye madirisha mengi, ni marufuku, na adhabu yake ni kufungiwa akaunti.

Kuhusu kuuza: kabla ya kuyeyusha mawe, linganisha bei ya mawe yaliyogandamizwa na bei ya madini yatakayotoka, ukishatoa makato ya kituo. Mawe huyeyushwa kwa mafungu ya vipande 100. Vipande 99 vya mwisho havitoi kitu, vihifadhi kwa zamu ijayo. Jita, mfumo wenye soko kuu la mchezo, ina wanunuzi wengi kuliko soko lolote, ila usisafirishe mzigo wa wiki nzima kwa mara moja katika chombo laini. Wale waliokuwa wakikuvizia ukandani wanakuvizia na langoni.