Maharage ya mbegu: yang'oe kabla hayajakaukia shambani

Kwa wanaojaribu maharage ya bara huku Malindi na kutaka mbegu zao wenyewe: msisubiri maganda yakaukie shambani. Yakishageuka manjano na kulegea kama ngozi, ng'oa shina zima na mizizi yake, kung'uta udongo, funga machache machache, tundika kichwa chini upenuni, mahali upepo unapita na manyunyu hayafiki. Ganda likishapoteza ukijani, mbegu imekomaa. Kilichobaki ni maji kutoka. Shambani, manyunyu ya kusi huleta kuvu, au mbegu huota humo humo gandani. Mafungu yasiwe manene, katikati huvunda. Wala usianike juu ya bati la moto: joto likipita nyuzi 40 mbegu inaweza kufa, na kwa macho huoni tofauti. Maganda ya kijani yenye mbegu changa hayafai, mbegu zake husinyaa, hayo pikeni; ya kijani yaliyojaa vizuri huweza kukomaa yakining'inia shinani. Pukuchua ganda likivunjika kwa mlio. Kisha tia mbegu kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 10: chumvi iking'ang'ania kioo, mbegu bado zina maji, zirudishe kivulini penye upepo.