Kusafisha koni za gatapecha kabla ya kuziba mzizi wa jino

Tabibu mmoja kijana wa kliniki ya hapa Mwanza aliniuliza kama zile koni za waridi za gatapecha (utomvu wa mti unaofanana na mpira) zinazozibia mzizi zinaweza kuingia otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, pamoja na faili, vile vijisindano vya kusafishia mzizi. Haziwezi. Otoklevu inapika kwa nyuzi 121 na kuendelea, na gatapecha inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Zinasafishwa kwa dawa, pale pale kando ya kiti.

1. Kwanza jaribu koni kwenye mzizi, piga picha ya eksirei, weka alama ya urefu. Hili unalijua.

2. Mimina hipokloraiti (dawa ya klorini, ndiyo iliyo kwenye Jiki) ya asilimia 5.25 kwenye kibakuli kidogo cha kioo, zamisha koni nzima kwa dakika moja. Muda huo unatosha hata kwa mbegu sugu za bakteria. Usiziloweke tangu asubuhi ukidhani unaongeza usafi, kwa sababu dawa inachubua uso wa koni. Jiki ya dukani mara nyingi ni asilimia 3.5, mimi siitumii kwa kazi hii, na zile zenye manukato sitaki hata kuziona kliniki. Chupa ikae gizani, maana joto na mwanga vinaimaliza nguvu.

3. Suuza. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Koni ikitoka kwenye hipokloraiti na kukauka hivyo hivyo, inabaki na fuwele za chumvi zisizoonekana kwa macho, na fuwele zikikaa kati ya koni na sila (ile gundi ya kuzibia), kuziba kunakuwa na upenyo. Sasa mtu anaona dripu ya chumvi imesimama karibu, anasuuzia hiyo. Jamani, unaondoa chumvi kwa maji ya chumvi! Maji ya bomba nayo hapana: yametibiwa kwenye mtambo wa Capri Point, sawa, lakini maji salama ya kunywa si maji tasa, yaani yasiyo na kijidudu chochote. Tumia spiriti ya asilimia 70 au maji tasa yaliyokenekwa. Mimi napendelea spiriti kwa kuwa inakauka upesi. Kibakuli kiwe kingine, si kile cha dawa. Na kama mzizi uliusafisha kwa klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, hakikisha haikutani na hipokloraiti popote, iwe kwenye kibakuli au ndani ya jino: inatoka tope la kahawia linaloziba vijitundu vya jino na kubadilisha rangi ya jino. Binafsi klorheksidini siiamini kwa koni, haiui mbegu za bakteria.

4. Weka koni juu ya shashi tasa, ikauke. Usipulize kwa mdomo, wala usifutie kwenye glavu uliyoshikia taa.

5. Paka sila, ziba.

Koni zilizobaki mezani usizirudishe kwenye boksi hata kama hazikuguswa. Zikitakiwa tena zianzie hatua ya 2. Na boksi lenyewe lifunguliwe kwa koleo safi, si kwa vidole vilivyotoka mdomoni mwa mgonjwa.