Linux ikikwama sekunde 90 inapowaka, anza na fstab

Skrini ikiganda kwenye "A start job is running for /dev/disk/by-uuid", kisha baada ya sekunde 90 ukaangukia hali ya dharura, usikimbilie kusakinisha upya. Mara nyingi `/etc/fstab` (faili la orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka) inaita diski iliyochomolewa, au patisheni (sehemu ya diski) iliyofomatiwa ikapata UUID (namba yake ya utambulisho) mpya.

Ingia kama root (msimamizi mkuu), endesha `systemctl --failed` na `journalctl -b -p err`, kisha linganisha UUID za fstab na zile za `lsblk -f`, urekebishe zisizolingana. Faili la fstab likikataa kuhifadhiwa: `mount -o remount,rw /`. Diski ya nje iwekee `nofail,x-systemd.device-timeout=5s` kwenye fstab, ili ikikosekana mashine isubiri sekunde 5 tu kisha iendelee. Jaribu kwa `systemctl daemon-reload` na `mount -a` kabla ya kuwasha upya.

Swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) husahaulika sana: UUID yake ikikosewa mashine huwaka, ila kwa kuchelewa. Ipime kwa `swapon -a`.