Kadi ya matibabu ya mtoto Dar es Salaam: ishughulikie angali mzima

Mtoto akishapandwa na homa usiku, hakuna mzazi mwenye utulivu wa kusoma masharti ya bima. Kazi zote zinazoelezwa hapa zinafanyika mtoto akiwa mzima, na nyingi hazigharimu zaidi ya nauli na subira ya foleni.

Umri ndio unaoamua uanzie wapi.

Aliye chini ya miaka mitano

Huyu hahitaji kadi ya kulipia ili atibiwe kwenye kituo cha serikali. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inampa msamaha wa gharama, yeye na mama mjamzito, na chanjo za kliniki ni bure kwa kila mtoto. Msamaha huo ni wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma. Ukiingia hospitali binafsi utalipa kama wengine, labda kama hospitali hiyo ina mkataba wa huduma na serikali.

Pale mapokezi, kinachothibitisha umri ni kadi ya kliniki. Itoe uitazame. Kadi nyingi hufunguliwa mtoto hajapewa jina, ikaandikwa "Mtoto wa Mwanaidi", na inabaki hivyo hadi anaanza kukimbia. Siku ya kliniki inayofuata, mwombe muuguzi aandike majina yake matatu na tarehe ya kuzaliwa inayosomeka. Kadi hiyo utaihitaji tena kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kosa la leo linakufuata mbele.

Panapouma zaidi ni dawa. Msamaha unafuta malipo, lakini haujazi dawa kwenye makabati ya famasi. Ukiambiwa dawa haipo ukanunue nje, rudi kwanza kwa daktari umuulize kama kuna mbadala uliopo palepale. Mara nyingine upo, ila aliyeandika hakujua hali ya stoo. Na ukidaiwa hela ya kipimo au ya kitanda kwa mtoto wa umri huu, usilipe kimya kimya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, nenda na kadi ya kliniki mkononi. Ukilipa chochote, dai risiti.

Akishatimiza mitano

Hapa pengo linaanza. Mtoto ndiyo kwanza anaingia shule, anapata malaria na kuvunjika mkono kama watoto wote, na sasa faili, kipimo na dawa kila kimoja kina bei yake. Mzazi makini anaanza kujipanga mtoto akiwa na miaka minne.

Anza kwa kuuliza kama kuna mzazi aliyeajiriwa na anakatwa mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Mchango wa mtumishi wa umma ni asilimia 6 ya mshahara, nusu analipa mwajiri, na unamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Mtoto anaingia bila kuongeza hata shilingi, hadi miaka 18, au 21 akiwa bado anasoma. Inafaa kuulizia hata kama wazazi wameachana, kwa sababu mtoto anaweza kukaa kwa mama na kadi ikatoka kwa baba. Kinachowanyima watoto nafasi ni kwamba wazazi na wakwe nao huhesabiwa humo humo kwenye nafasi nne. Hilo ni la familia kukaa na kuzungumza, tena mapema.

Kama hakuna mwenye ajira ya namna hiyo, njia ya kaya ndiyo inayobeba watoto wengi kwa hela kidogo. Kwa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, kiwango kilichowekwa kwa Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, au 40,000 kwa mtu mmoja. Piga hesabu kwa kiwango hicho kabla ya kuchagua: watatu mmoja mmoja ni 120,000, wanne ni 160,000. Kwa hiyo mkifika wanne, kadi ya kaya ni nafuu, na mkiwa sita kila mtu anasimama kwenye 25,000. Mama lishe au dereva wa bodaboda hawezi kutoa 150,000 kwa mkupuo, lakini 3,000 kila wiki inafika 156,000 kwa mwaka. Walio kwenye mchezo au kikoba wapange zamu yao iangukie mwezi wa kulipia kadi, na hela hiyo isiguswe kwa ada wala kodi ya nyumba.

Kuhusu Toto Afya Kadi, bima ya NHIF ya watoto, habari za mtaani zimechanganyika. Ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, kisha mwaka 2023 NHIF ikasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waingie kupitia shule au familia. Sababu iliyotolewa ni kwamba watoto wengi waliandikishwa wakiwa tayari wagonjwa, na mfuko ukawa unalipa kuliko unavyoingiza. Bima ya aina yoyote inasimama kwa michango ya wazima. Utaratibu umebadilika tena baada ya hapo, kwa hiyo usitumie maelezo ya jirani aliyelipa zamani. Uliza ofisi ya NHIF yenyewe, au mwalimu mkuu kama shule inaandikisha kwa kundi.

Ipo pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayotaka kila mkazi awe na bima na inayoweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kama kaya yenu ni mlengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, au hali yenu inajulikana mtaani, nenda serikali ya mtaa uulize kama majina yenu yamo kwenye orodha ya wasio na uwezo. Asiyeuliza anaweza kurukwa.

Makaratasi, na majina

Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ya mzazi, picha ndogo, barua ya serikali ya mtaa ikihitajika, na namba ya simu ambayo hutaibadilisha. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyezaliwa hospitali hupewa tangazo la kizazi. Lipeleke ndani ya siku 90, maana baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa wenye vielelezo vingi zaidi.

Kinachokwamisha watu dirishani mara nyingi ni herufi. Kwenye cheti mtoto ni Hamisi Juma Ally, kwenye kitambulisho cha baba ni Juma Ali, shuleni ni Hamis J. Ali. Kwako ni mtu yule yule, lakini mfumo unaona watu watatu. Tandika karatasi zote mezani, soma jina herufi kwa herufi, chagua lile la cheti cha kuzaliwa, kisha rekebisha mengine yalifuate. Ukiandikishwa, soma jina kwenye skrini kabla ya kukubali.

Lipa kwa kontroli namba tu, yaani namba ya malipo unayopewa na mfumo wa serikali, benki au kwa simu, na uangalie jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri. Usimpe mtu hela mkononi, hata kama anavaa kitambulisho. Uliza kadi inaanza kufanya kazi tarehe ngapi.

Ukiwa nayo mkononi

Kadi ya CHF inaanzia chini: zahanati au kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, halafu hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke. Ukipanda ngazi bila barua ya rufaa unaweza kutozwa, isipokuwa kwa dharura. Muhimbili haimo kwenye kadi hii.

Mtoto wa zaidi ya miaka mitano asiye na kadi wala hela bado ana njia. Kwenye hospitali ya umma muone afisa ustawi wa jamii na barua ya serikali ya mtaa. Atakuhoji kuhusu kipato na wategemezi, na anaweza kutoa msamaha wa matibabu hayo. Nenda mapema, kabla bili haijakua. Mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, barua ifuate.

Weka kumbukumbu kwenye simu mwezi mmoja kabla kadi haijaisha, na mtoto mpya akizaliwa nafasi ikiwepo, mwandikishe pale cheti kinapotoka.